Mama mkwe anauliza programu iko wapi

Mama Mshauri,

Nakusalimu. Mimi ni kijana wa miaka 28, naishi Katindo hapa Goma. Nina bibi na mtoto mmoja. Nilisoma informatiki lakini kazi ya kudumu sina. Naishi kwa vijikazi: kuchapa kazi za wanafunzi, kuweka antivirusi, tovuti ya duka la mtu, na mara mojamoja anatokea anayetaka programu kamili.

Mama mkwe wangu anauza sambaza, wale samaki wadogo, soko la Kituku. Ni prezida wa AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ya wanawake 25, wote wachuuzi wa samaki na unga. Kila mwisho wa mwaka, siku ya kugawana akiba, wanakesha na kalkuleta, na kila mwaka kuna mmoja anayeondoka amenuna. Mwezi wa sita mama mkwe akawaambia wenzake kwamba mkwe wake anaweza kuwatengenezea programu ya kuhesabu hisa, mikopo, riba na faini. Wakakubaliana dola 300. Nilihesabiwa 180 mbele ya wote, noti kwa noti, na mama mkwe alikuwa anacheka kama siku ya harusi yetu. Zile 120 nitazipata nikimaliza.

Nilifanya kazi wiki tano. Usiku tu, umeme ukiwepo, kuanzia saa nne mpaka saa nane. Mashini yangu ni ya zamani, betri ilikufa mwaka jana. Ukigusa waya wa chaja inazimika. Lakini kazi ilikuwa inaenda. Sehemu ya mikopo ilikuwa imeisha, riba inatoka sawa hadi faranga ya mwisho.

Jioni moja nilitoka kununua mega za intaneti. Nyumbani alikuwepo shemeji yangu mdogo, msichana wa miaka 14 aliyekuwa anakaa kwetu kwa sababu shule yake iko karibu. Alitaka kuchaji simu ya dada yake. Ralonji yetu, ule waya wa kurefusha umeme, ina matundu matatu na moja limeungua, basi akachomoa chaja yangu. Niliporudi skrini ilikuwa nyeusi. Kulikuwa na mistari ya siku nzima ambayo sikuwa nimehifadhi, nilidhani inajihifadhi yenyewe kama simu. Nilipowasha, kile kiduara kikazunguka tu bila mwisho. Nilimfokea maneno ambayo naona haya kuyaandika. Nilimwambia amekula dola 300 za mama yake. Mtoto yule hana adabu ya vitu vya watu, nilikuwa nimeshasema hivyo hata kabla. Kesho yake akabeba begi lake akarudi kwa mama yake Ndosho.

Nikapeleka mashini kwa fundi mmoja mjini. Akaniuliza kama kuna kitu cha muhimu ndani. Nikamjibu, "We iwashe tu." Baada ya saa moja ikawaka, safi kama mpya. Alikuwa ameifomati: amesafisha diski na kuweka Windows upya.

Nina fleshi. Ndani yake kuna folda "mwisho", "mwisho2" na "mwisho_kweli". Hiyo mwisho_kweli ni ya wiki ya kwanza: ukurasa wa kuingilia na rangi za vifungo.

Mama mkwe alipouliza nilimwambia mtoto alichomoa waya, mashini iko kwa fundi, tungoje. Sasa ni wiki ya tatu na ndiyo hadithi ambayo ukoo wote unaijua. Zile 180 zilikwenda kwenye kodi ya nyumba na maziwa ya mtoto. Kugawana ni mwezi wa kumi na mbili. Rafiki yangu anasema nikae kimya, niandike upya, hakuna atakayejua. Bibi yangu anajua kila kitu na anasema hawezi tena kumtazama mama yake usoni, niende nikaseme.

Mama, humjui mama mkwe wangu. Mwaka 2021, usiku Nyiragongo ilipolipuka, alitoka nyumbani na daftari la kikundi amelifunga kiunoni kwa kikwembe, akasahau viatu. Mtu kama huyo nitamwambiaje kwamba nimepoteza kazi yao kwa kushindwa kumwambia fundi neno moja? Nifanye nini? Na kuna njia ya kufanya kazi ijihifadhi yenyewe, nisirudi hapa tena?

Mkwe wa Katindo

*

Mwanangu, mama mkwe atangoja kidogo. Kwanza izime hiyo mashini.

Mimi si mtu wa kompyuta. Barua yako nilimsomea mpwa wangu ambaye ndiyo kazi yake, na hilo ndilo neno la kwanza lililomtoka. Anasema fundi akifomati kwa haraka, mara nyingi faili zenyewe hazifutiki. Kinachofutika ni orodha ya mahali zilipo, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kitabu kikabaki. Lakini Windows mpya iliyowekwa imeshaandika juu ya baadhi ya kurasa hizo, na kila unapoiwasha, kila video unayoangalia, inaandika juu ya nyingine. Kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka na kukoroma, kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec ambayo huokota vipande. Diski itolewe, iunganishwe kwenye mashini nyingine, na kitakachookotwa kiwekwe kwingine kabisa, siyo kwenye diski hiyohiyo. Majina ya faili yatakuwa yamepotea, utakaa na rundo la maandishi ukitafuta lipi ni la riba na lipi ni la faini. Kama diski ni ya SSD, ile mpya isiyozunguka, mpwa wangu alitikisa kichwa tu. Basi jaribu, lakini usimwahidi mtu, hata mkeo.

Sasa tukae tuongee.

Nimekusikia hivi. Ulipokea pesa za wanawake 25 mbele ya macho yao, ukafanya kazi kweli, kazi ikapotea. Pesa zimeliwa, kwa haki, na mtoto mchanga na mwenye nyumba. Kati yako na ukweli umesimama mama mmoja unayemheshimu mpaka unamwogopa. Aibu hiyo naielewa. Kuvunja deni la mtu wa mbali ni jambo moja. Kuvunja la mama aliyekupa binti yake ni jambo lingine, kwa sababu huyo utakutana naye kwenye kila kilio na kila arusi mpaka uzeeni.

Lakini barua yako niliirudia mara tatu, na unisamehe, nilihesabu mistari. Shemeji yako amepata kifungu kizima: waya, ralonji, tundu lililoungua, mpaka tabia yake ya zamani. Lile "We iwashe tu" limepata mstari mmoja mfupi. Ni mwishoni kabisa, ndani ya swali, ndipo ulipojitaja.

Tuhesabu hasara kama wanavyohesabu kwenye AVEC, kila mtu na deni lake. Mtoto alipochomoa waya, ilipotea kazi ya siku ile. Siku moja. Mashini iliyogoma kuwaka, anasema mpwa wangu, bado ilikuwa na wiki zako tano ndani. Ingewashwa kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye fleshi, au diski ingetolewa ikachomekwa kwa mwenzako, faili zingenakiliwa zote, ndipo ifomatiwe. Wiki tano ziliondoka kwenye meza ya fundi, na fundi alikuwa ameuliza. Sikwambii haya nikuchome, najua ulikuwa umechoka na labda foleni ilikuwa ndefu. Nakwambia kwa sababu ile hadithi ambayo ukoo wote unaijua imempa msichana wa miaka 14 mzigo wa wiki tano na dola 300. Na kuna swali dogo: nyumbani kwenu, kuna aliyewahi kumwambia kwamba mashini ile ikikosa waya inakufa? Pengine ndiyo. Hukuandika.

Halafu kuna mama mkwe wako. Unasema simjui. Kweli, lakini wanawake wa namna yake nawajua, maana mimi mwenyewe nimo kwenye AVEC, mwaka wa sita sasa. Tazama jinsi tunavyofanya. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanawake watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa wa nne. Kila mmoja ana kijitabu chake chenye mihuri ya hisa alizonunua. Na kabla ya kufunga kikao, prezida anauliza kwa sauti, "Tunaacha kiasi gani?" Wote tunajibu, tunarudia, mpaka yule mzee wa kona anayesinzia naye aseme. Wiki inayofuata, kabla kufuli ya kwanza haijafunguliwa, anauliza tena tuliacha kiasi gani. Utaratibu huu ulianzia Niger mwaka 1991, vijijini, ambako wanawake wengi hawakujua kusoma, ndiyo maana hesabu inawekwa pia kichwani.

Unaona ninapokwenda? Wewe ulikuwa na nakala moja, kwenye mashini moja isiyo na betri. Wao wana daftari, vijitabu 25 na vichwa 25. Lile daftari lililofungwa kiunoni mwaka 2021 wewe unalisoma kama ukali wa mama mkwe. Mimi nalisoma vingine: ni mtu ambaye siku zote anafikiria kwamba vitu hupotea. Sijui atakupokeaje. Lakini unapomfikiria usimfanye mtu asiyeweza kuelewa jambo hili, kwa sababu katika hadithi yako yote, yeye ndiye anayelielewa kuliko wengine. Na mshukuru Mungu kwa moja: daftari lao lipo. Kilichopotea ni kazi yako, hesabu zao ziko salama.

Njia ya rafiki yako siidharau. Mpwa wangu anasema programu ikiandikwa mara ya pili huenda haraka, kwa sababu kazi ngumu ni kufikiri na kufikiri ulishafikiri. Wiki tano zinaweza kuwa mbili na nusu. Kwenye karatasi, mpaka mwezi wa kumi na mbili unafika. Hofu yangu iko kwingine. Utaandika usiku, kwa siri, kwa haraka, na ni programu inayogawa pesa za watu. Riba ikikosewa kidogo, nani atajua kabla ya siku ya kugawana? Na kila siku ya ukimya huo inalipwa na watu wawili ambao hukuwaomba: mkeo, na yule aliyerudi Ndosho. Mkeo amekwambia tayari bei yake. Hawezi kumtazama mama yake.

Njia ya mkeo nayo ina miiba. Ukimwambia mama mkwe peke yake, chumbani, kwa heshima, umempunguzia mkeo, ila umempa mama siri. Yeye ndiye prezida. Wenzake wakimuuliza Jumapili, aseme nini? Ama atakufunika, na siku ikifumuka ataonekana alikula na mkwe wake, ama atakusema yeye badala ya kusema wewe. Kuna wamama wanaopenda kuambiwa kwanza ili wajipange. Kuna wengine wanaoona wamefungwa mikono. Mkeo anamjua ni yupi, muulize.

Ya tatu hukuitaja: kusimama mbele ya kikundi. Inatisha, najua. Wanaweza kudai 180 zao siku hiyohiyo na huna. Mmoja atasema neno baya, huyo hakosekani. Lakini kikundi kina mazoea ya mambo haya; mtu akishindwa kurudisha mkopo kwa wakati tunakaa, anatozwa faini, anapewa tarehe mpya, maisha yanaendelea. Ukienda, usiende mikono mitupu. Picha za skrini ulizomtumia mkeo au rafiki, daftari ulilochorea, hata hiyo mwisho_kweli yenye rangi za vifungo. Mtu akiona kipande anaamini kulikuwa na kizima. Na wewe mwenyewe utavihitaji ukianza upya.

Mpwa wangu alinisimulia kisa ambacho hata mimi kilinishangaza. Kuna kampuni inaitwa GitLab, kazi yake ni kuwatunzia watengeneza programu kazi zao. Tarehe 31 Januari 2017, usiku, mhandisi wao mmoja aliyechoka akafuta folda ya kanzidata kwenye mashini ambayo siyo. Alipostuka na kuisimamisha, katika gigabaiti 300 hivi zilibaki 4.5. Wakakimbilia nakala zao. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi, na hakuna iliyokuwa imefanya kazi sawasawa. Ile ya kila siku ilikuwa inashindwa kimyakimya, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi huyohuyo aliichukua kwa mkono, kwa bahati, yapata saa sita kabla. Kazi ya watu ya hizo saa sita ikapotea moja kwa moja. Wakafanya nini? Walieleza kila kitu hadharani na kuonyesha ukarabati wao moja kwa moja kwenye YouTube, dunia nzima ikitazama, na jina la mhandisi hawakulitoa.

Sisemi wewe ni kampuni. Wao walikuwa na mishahara na mawakili, wewe una mama mkwe. Kilichonigusa ni hilo la jina. Walisema kosa lote, wakamfunika mtu mdogo. Kwenu imekwenda kinyume.

Haya, lile swali lako la mwisho. Mpwa wangu alifurahi kuulizwa, nikamkatiza mara mbili. Kwanza, kuandika kuna mahali pawili: kuna kumbukumbu ya muda, ambayo umeme ukikatika inafutika, na kuna diski. Simu yako inapeleka kwenye diski bila kukuuliza, programu za kuandikia msimbo, yaani maandishi ya programu, si zote. Kwenye Visual Studio Code, kwa mfano, kujihifadhi kumezimwa mpaka wewe ukuwashe, kuko kwenye menyu ya File. Ni kubonyeza mara moja. Hiyo ingekuokolea siku ile moja.

Wiki tano zinahitaji kitu kingine. Git, ambayo wewe uliyesoma informatiki unaijua kuliko mimi, inatunza kila hatua ya kazi, na ndiyo dawa ya folda za mwisho, mwisho2 na mwisho_kweli. Ukiisukuma GitHub au GitLab, maghala ya msimbo kwenye mtandao, nakala inakaa mbali na Goma. Tangu 2019 hata GitHub inatoa hifadhi za faragha bure. Najua utaniambia mega. Nilimwambia hivyohivyo. Akanionyesha: msimbo ni maandishi matupu, na kinachopanda ni mabadiliko tu. Kazi yake ya wiki nzima ilikuwa ndogo kuliko picha moja ya mtoto wako unayomtumia bibi yake. Yeye ameiwekea mashini yake amri, Windows ina mahali pa kupanga amri zijiendeshe, kila jioni saa mbili inasukuma yenyewe. Asipokuwa na mtandao inajaribu kesho. Majina ya wanawake na madeni yao hayapandi huko. Ni programu tu.

Na nakala nyingine kwenye fleshi, inayolala nyumba nyingine. Wewe ni mtu wa Goma, sina haja ya kukueleza kwa nini. Baada ya 2021 nyumba ngapi zina begi nyuma ya mlango? Langu lina diploma, karatasi za kiwanja, kadi za chanjo za wajukuu. Begi lenyewe nalifungua mara kwa mara, maana mwaka jana nilikuta panya ametafuna kadi moja, na ningekimbia na begi lile nikiamini limekamilika. Ndivyo ilivyo hata kwa otomatiki yako. Mara moja kwa mwezi shusha nakala kwenye mashini ya rafiki na uone kama inawaka. GitLab hawakufungua begi.

Betri pia. Bei yake unaijua, na najua dola hizo kwa sasa ni maziwa. Lakini ukipanga upya na kikundi, tarehe au pesa, betri iwemo kwenye hesabu yako. Au angalau nunueni ralonji nyingine.

Njia zote tatu nimezigeuza na sitakuchagulia. Wewe ndiye utakayekaa mezani na watu hawa, na mkeo anaijua sauti ya mama yake kuliko mshauri yeyote. Ila kuna jambo moja katika yote haya ambalo halingoji kikao, halihitaji dola 120 wala umeme. Hukuniambia kama mmeonana tangu aondoke. Kutoka Ndosho mpaka shule iliyo karibu na kwenu ni mbali kwa miguu. Bado anatembea kila asubuhi?